Käthe Kruse: Mshonaji aliyejali kilichomo tumboni mwa mwanasesere

UZURI wa mkakasi, walinena wahenga, ndani kipande cha mti. Aghalabu mnunuzi wa mwanasesere huvutiwa na uso: macho yaliyochorwa kwa ustadi, midomo myekundu na nywele zilizochanwa zikachanika. Ni nadra kwake kujiuliza ni kitu gani kilichojazwa tumboni, kina uzito gani, na kitamfanya nini mtoto siku mshono utakapofumuka.

Maisha ya Käthe Kruse, Mjerumani aliyeaga dunia mwaka wa 1968 akiwa na umri wa miaka 84, ni ithibati kwamba swali hilo si dogo hata kidogo. Mama huyu wa watoto saba alianza kazi yake kwa taulo, mchanga na kiazi kimoja. Alipoiaga dunia, jina lake lilikuwa limeenea Ulaya na Marekani, na wanasesere wake walikuwa wametumiwa hata kuwafunza akina mama jinsi ya kumbeba mtoto mchanga.

Leo hii, ambapo mafundi wengi wanashona nyumbani wanasesere wanaofanana kabisa na vichanga, safari ya Bi Kruse inafaa kukumbukwa. Maswali aliyokumbana nayo kuhusu kijazo na uzito ndiyo yayo hayo yanayomkabili fundi wa sasa.

Utoto wa dhiki

Alizaliwa Septemba 17, 1883 katika mji wa Breslau, ambao wakati huo ulikuwa Ujerumani na sasa unaitwa Wrocław, nchini Poland. Jina lake la utotoni lilikuwa Katharina Simon.

Mama yake, Christiane Simon, alikuwa mshonaji aliyetegemea sindano kujikimu. Baba yake alikuwa mhasibu wa mji, lakini alikuwa na mke mwingine, hivyo Katharina akazaliwa nje ya ndoa. Katika enzi hizo, hilo lilikuwa doa ambalo jamii haikulisamehe kwa urahisi.

Msichana huyo alikulia katika umaskini, akimtazama mama yake akikesha kwenye nguo za watu. Hata hivyo, hakutaka kuwa mshonaji. Alitamani jukwaa. Alijifunza uigizaji na, mnamo 1900, akapata nafasi katika ukumbi wa Lessing jijini Berlin, ambako alijulikana kwa jina la kisanii Hedda Somin. Kazi hiyo ilimfikisha pia Warsaw na Moscow.

Akiwa Berlin alikutana na Max Kruse, mchongaji sanamu mashuhuri aliyemzidi umri kwa karibu miaka 30. Binti yao wa kwanza, Maria, alizaliwa mwishoni mwa mwaka wa 1902, naye Sofie akafuata mwaka wa 1904. Wazazi hao hawakufunga ndoa hadi mwaka wa 1909.

Ujauzito ulikatiza uigizaji wake. Historia ya mama ilikuwa kana kwamba inajirudia kwa binti: mwanamke kijana, mtoto mkononi, na baba asiyeishi naye chini ya paa moja. Kilichomtofautisha na mama yake ni kwamba Max hakumtupa, na kwamba yeye mwenyewe hakukubali kukaa bure.

Kiazi na mchanga

Bi Kruse alihamia Ascona, kusini mwa Uswisi, karibu na kilima cha Monte Verità. Hapo palikuwa na kundi la wasanii na watu waliotaka kuishi maisha sahili mbali na kelele za miji. Max alibaki na karakana yake Berlin, akiwatembelea kila alipopata fursa.

Mnamo 1905, Maria aliomba mwanasesere. Alikuwa akimwona mama akimlea mdogo wake, naye akataka mtoto wake wa kubeba. Ombi lilipelekwa kwa baba huko Berlin, mji uliojaa maduka ya wanasesere.

Max alizunguka madukani akarudi mikono mitupu. Wanasesere wa wakati huo walikuwa na vichwa vya kauri, baridi vikiguswa na vyepesi kuvunjika, na viwiliwili vikavu ambavyo mara nyingi vilijazwa unga wa mbao. Akiwa mchongaji, alivichukia. Alimwandikia mwenzake kwamba hatanunua kitu kama hicho, na kwamba ingekuwa bora amtengenezee mtoto mwanasesere yeye mwenyewe.

Bi Kruse alichukua taulo, akalijaza mchanga, akafunga mafundo kwenye ncha zake nne yakawa mikono na miguu. Kiazi kilichofungwa kwa kitambaa kikawa kichwa. Kwa njiti ya kiberiti iliyoungua, akachora macho, pua na mdomo.

Maria alimpenda mwanasesere huyo kupita kiasi. Alikuwa mzito, alilegea mikononi na aliweza kukumbatiwa. Kwa ufupi, alikuwa na tabia ya mtoto ingawa hakuwa na sura ya mtoto.

Mapenzi hayo hayakuzuia maumbile kufanya kazi yake. Kiazi kilinyauka na kuoza. Mchanga nao ukaanza kupenya kwenye kitambaa na kumwagika. Kwa hiyo, mwanasesere wa kwanza wa Käthe Kruse aliangamia kwa sababu ya kijazo chake.

Hapa ndipo ulipo msingi wa somo zima. Chochote kilichokuwa chakula hakifai kuwa kiungo cha mwanasesere. Kiazi huoza kwa wiki chache. Mchele, mahindi na maharagwe huchukua muda mrefu zaidi, lakini mwisho wake ni ule ule. Fukusi na dumuzi hutoboa, panya hunusa wakaja, na unyevu ukiingia, kuvu huota ndani ambako hakuna jicho linalofika. Maharagwe makavu yakilowa hufura na yanaweza kupasua mshono.

Mchanga nao una hila zake. Ni rahisi, ni mzito na hupatikana kote. Lakini chembe zake ndogo hupita katika nafasi za nyuzi, na vumbi lake laini, hususan lenye silika, ni adui wa mapafu. Vumbi hilo likivutwa kwa miaka mingi huleta maradhi yasiyopona ambayo wachimba migodi na wachonga mawe wanayajua vyema. Anayeathirika kwanza si mtoto anayecheza, bali ni fundi anayechota, kupepeta na kujaza kila siku.

Yeyote anayelazimika kuutumia hana budi kuuosha hadi maji yatoke meupe, kuukausha kabisa, kuuchekecha nje ya nyumba akiwa amejifunika pua na mdomo, kisha kuufunga ndani ya mifuko miwili ya kitambaa kilichosokotwa kwa kubana. Mchanga usiooshwa wa mtoni au ufukweni haufai, kwa kuwa huja na uchafu na, ule wa baharini, na chumvi inayovuta unyevu.

Manyoya mahali pa mchanga

Baada ya kiazi kuoza, Bi Kruse hakukata tamaa. Kwa miaka kadhaa alijaribu vitambaa, rangi na vijazo mbalimbali akiwatengenezea mabinti zake. Alitaka kichwa kisichooza wala kuvunjika, na mwili laini lakini usioporomoka.

Kwa kichwa, aliiga sanamu ya mtoto inayohusishwa na François Duquesnoy, mchongaji wa karne ya 17 aliyezaliwa Brussels na kufahamika kwa lakabu ya Fiammingo. Kitambaa cha pamba kiliumbwa kwa sura hiyo, kikagandishwa, kikapakwa rangi ya mafuta ambayo ingeweza kupanguswa kila mtoto alipoichafua kwa mikono yenye uji.

Kwa mwili, aliacha mchanga akachagua manyoya ya wanyama wa jamii ya kulungu. Uchaguzi huo haukuwa wa kubahatisha. Unywele wa wanyama hao una uwazi ndani uliojaa hewa, hivyo ni mwepesi mno. Ukishindiliwa hushikamana, ukibonyezwa hurejea, na haumwagiki kama mchanga mshono unapoachia.

Mnamo 1910, duka kubwa la Hermann Tietz jijini Berlin liliandaa maonyesho ya vinyago vilivyotengenezwa kwa mikono nyumbani. Bi Kruse akaalikwa kuleta vyake. Watu walimiminika, magazeti yakaandika, na mwanamke aliyekuwa akiwashonea watoto wake tu akajikuta ana wateja.

Mwanzoni alijaribu kuikabidhi kazi hiyo kwa kiwanda cha Kämmer & Reinhardt. Jaribio hilo lilivunjika haraka, kwa kuwa kilichotoka kiwandani hakikumridhisha. Mashine ziliweza kurudia umbo, lakini hazikuweza kurudia mkono unaojua mahali pa kushindilia na mahali pa kulegeza.

Kisha, mwishoni mwa 1911, duka la FAO Schwarz la New York likaagiza wanasesere 150, na baadaye wengine 500. Nyumba yao ya Berlin ikageuka karakana. Mnamo 1912, familia ilihamia Bad Kösen, mji mdogo kwenye Mto Saale, ambako Bi Kruse alifungua karakana iliyowaajiri wanawake wa eneo hilo.

Katika karakana hiyo, kazi ya kujaza ilihesabiwa kuwa ya ufundi. Kijazo kiliingizwa kidogo kidogo, kutoka nchani kuelekea katikati, kikashindiliwa hadi kila kiungo kikashika umbo lake. Mwanasesere aliyejazwa kwa pupa hujikunja shingoni baada ya miezi michache, na kichwa kikaning'inia kama cha mgonjwa.

Fundi wa leo ana vijazo ambavyo Bi Kruse hakuwa navyo. Nyuzi za poliesta zinafuliwa, hukauka upesi na hazivutii wadudu. Pamba ni laini na ya asili, lakini hunyonya maji, huchelewa kukauka na hujikusanya mabonge. Sufu ya kondoo hustahimili moto kuliko pamba, ila sharti isafishwe vizuri na ihifadhiwe dhidi ya nondo.

Sufi, ambazo wakazi wa Pwani yetu wamezitumia tangu jadi kujazia mito na magodoro, ni nyepesi na hazishiki maji kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba hushika moto haraka na hutoa vumbi jepesi wakati wa kujaza. Mtoto mwenye pumu hapaswi kulala na kitu kilichojazwa sufi zilizochakaa.

Vipande vya godoro kuukuu ni vya kuepukwa kabisa. Sponji ikizeeka husagika ikawa unga, na hakuna ajuaye jasho la nani au kunguni wa nani limebeba. Mabaki ya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani yanafaa, mradi yafuliwe, yakaushwe na kukaguliwa moja baada ya jingine kuhakikisha hayana pini, sindano wala vifungo.

Mtoto wa kilo mbili na nusu

Katikati ya miaka ya 1920, Bi Kruse alirejea kwenye mchanga. Safari hii alijua anachokifanya.

Alibuni mwanasesere wa kichanga mwenye macho yaliyofumbwa, aliyemwita Träumerchen, yaani mwotaji ndoto mdogo. Alikuwa na ndugu yake mwenye macho wazi, aliyeitwa Du Mein, maana yake wewe uliye wangu. Träumerchen alikuwa na urefu wa takriban sentimita 50, urefu wa kawaida wa mtoto anapozaliwa. Alitiwa mchanga hadi akawa na uzito wa karibu kilo 2 na nusu.

Uzito huo haukuwa pambo. Kichwa chake kilikuwa kizito na kiliunganishwa kwa ulegevu, hivi kwamba asiyekitegemeza kwa kiganja alikiona kikianguka nyuma. Ndivyo ilivyo shingo ya mtoto mchanga. Kwa sababu hiyo, wanasesere hao walitumiwa kuwafunza akina mama na wauguzi jinsi ya kumwinua, kumwogesha na kumvisha mtoto.

Wazo la kutumia mwanasesere kufundishia uuguzi halikuwa lake pekee. Ng'ambo ya bahari, mjini Pawtucket, Marekani, Martha Chase, mke wa daktari, alianza kushona wanasesere wa vitambaa mwaka wa 1889. Kufikia mwaka wa 1911 alikuwa ametengeneza mmoja mkubwa kwa ajili ya shule ya wauguzi ya hospitali ya Hartford. Wanawake hao wawili, kila mmoja kivyake, walitambua kwamba mikono hujifunza kwa kubeba kitu chenye uzito, wala si kwa kusikiliza hotuba.

Tofauti kati ya mwanasesere wa 1905 na Träumerchen inastahili kutiliwa maanani na kila fundi. Yule wa kwanza alitiwa mchanga kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine. Huyu wa pili alitiwa mchanga kwa kuwa kazi yake ilihitaji uzito. Katikati yao, alipowatengenezea watoto wanasesere wa kuchezea, Bi Kruse alichagua manyoya mepesi. Kwa hivyo, swali la kwanza si kijazo kipi ni bora, bali mwanasesere huyu atakaa mikononi mwa nani.

Mtoto wa miaka miwili hahitaji mwanasesere wa kilo 2 na nusu. Akimwangukia usoni, atamuumiza. Akiwekwa naye kitandani, anaweza kumfunika pua na mdomo. Mtoto mchanga hapaswi kulazwa na mwanasesere yeyote, sembuse mwenye uzito. Wanasesere wazito ni wa watu wazima, wa madarasa ya uuguzi na wa watoto wakubwa wanaosimamiwa.

Vivyo hivyo, chembe za aina yoyote hazifai katika mwanasesere wa mtoto aliye chini ya miaka 3, hata zikiwa zimefungwa vipi. Katika umri huo kila kitu huishia kinywani, na meno madogo hufumua mishono ambayo mtu mzima angeiona imara. Mwanasesere wa umri huo ajazwe nyuzi tupu, na macho yake yatariziwe kwa uzi badala ya kushonewa vifungo.

Kwa wanasesere wanaostahili uzito, vipo vitu kadhaa vya kuchagua. Shanga ndogo za kioo za mviringo ni nzito, zaidi ya mara mbili ya uzito wa maji, hazishiki kutu, hazivutii wadudu na humpa mwanasesere ulegevu wa mwili wa binadamu. Kioo kilichopondwa ni kitu kingine kabisa. Kingo zake hukata mfuko na ngozi, na hakifai hata kidogo.

Punje za plastiki ni rahisi kuoshwa, lakini nyingi kati yake huelea majini. Fundi anayezitegemea peke yake hujaza tumbo likafura kabla uzito autakao haujafikiwa. Ni afadhali kuzichanganya na shanga za kioo.

Gololi za chuma cha pua ndizo nzito zaidi, zikikaribia mara 8 ya uzito wa maji, hivyo chache zinatosha. Za chuma cha kawaida hushika kutu mwanasesere anapofuliwa, na madoa yake hutokeza hadi kwenye ngozi ya kitambaa.

Vitu vitatu havina nafasi kabisa. Cha kwanza ni risasi, ile metali laini inayotumiwa na wavuvi kuzamishia nyavu na ndoano. Ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama mwilini. Fundi anayeishika kila siku hujidhuru yeye na wa nyumbani mwake.

Cha pili ni sumaku ndogo, ambazo mafundi wengine huzificha mdomoni mwa mwanasesere ili chuchu ya bandia inate. Mtoto akimeza mbili, zinaweza kuvutana zikiwa sehemu mbili za utumbo na kuutoboa. Cha tatu ni betri ndogo za duara, ambazo zikikwama kooni huchoma nyama kwa muda mfupi.

Jinsi ya kuufunga uzito huo ni muhimu sawa na kuuchagua. Chembe zisimwagwe ndani ya mwili moja kwa moja. Zitiwe katika mfuko wa kitambaa kilichosokotwa kwa kubana, mshono upigwe mara mbili, kisha mfuko huo uingizwe ndani ya mwingine. Mifuko isijazwe pomoni. Ikiachwa nafasi kidogo, chembe hutembea na mwanasesere hulegea kama mtoto aliyelala.

Mgawanyo nao una kanuni. Sehemu kubwa ya uzito hukaa makalioni na tumboni, kiasi kidogo kisogoni, na kidogo zaidi mapajani. Ncha za mikono na miguu zijazwe nyuzi tupu. Baada ya hapo mwanasesere atikiswe juu ya karatasi nyeupe. Chembe moja ikidondoka, mshono urudiwe.

Vita na hasara

Umaarufu ulimletea Bi Kruse waigaji. Kampuni ya Bing ya Nuremberg ilipotengeneza wanasesere waliofanana na wake, alienda mahakamani. Mnamo 1925 alishinda, na kesi hiyo ikawa mwanzo wa kutambuliwa nchini Ujerumani kwamba kinyago cha mtoto kinaweza kulindwa kisheria kama kazi ya sanaa.

Mnamo 1929 alitoa mwanasesere mwingine aliyepata sifa, ambaye uso wake ulichukuliwa kutoka kwa sanamu ya kichwa cha mwanawe Friedebald. Mvulana huyo alikuwa na umri wa takriban miaka 11. Sura yake ikaingia katika nyumba za watu wasiomjua.

Kisha ikaja Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Max, mumewe, alifariki mwaka wa 1942. Katika miaka hiyo ya vita, mama huyo alipoteza pia wana wawili, Jochen na Friedebald. Uso wa Friedebald ulibaki ukitazama kutoka kwenye rafu za karakana, ilhali mwenyewe alikuwa hayupo.

Vita vilipokwisha, Bad Kösen ilijikuta katika eneo lililotawaliwa na Wasovieti. Kazi aliyoijenga tangu 1912 ikawa mashakani. Wanawe Michael na Max walivuka kwenda magharibi wakaanzisha karakana mpya, na hatimaye kazi ikakita mizizi Donauwörth, mji ulio kwenye Mto Danube. Mnamo 1952 karakana ya Bad Kösen ilitaifishwa na serikali ya Ujerumani Mashariki. Miaka ya baadaye iligeukia vinyago vya wanyama.

Akiwa ameshapita miaka 60, Bi Kruse aliondoka mji wake na kuanza tena. Binti yake Hanne, akishirikiana na mumewe, ndiye aliyechukua usukani wa kampuni mnamo 1958. Max mdogo, kitinda mimba, alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto nchini humo.

Mnamo 1956 Ujerumani Magharibi ilimtunuku nishani ya taifa. Käthe Kruse alifariki Julai 19, 1968 mjini Murnau, Bavaria. Wanasesere wake wa zamani wamehifadhiwa katika majumba ya makumbusho, likiwemo lile la Donauwörth, na wakusanyaji huwanunua kwa fedha nyingi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wanasesere wa Bi Kruse walidumu kwa sababu kila alichokitia ndani yao alikichagua kwa kumfikiria atakayewabeba: manyoya mepesi kwa mtoto anayecheza, mchanga mzito kwa mama anayejifunza. Fundi anayeketi leo na sindano yake, iwe ni kwa ajili ya soko au kwa ajili ya mwanawe, ana wajibu uo huo. Rangi za uso zinaweza kurekebishwa wakati wowote. Kijazo kikishafungiwa ndani, mteja hana njia ya kukiona, na hapo ndipo anapolazimika kuuamini mkono ulioshona.